Nilivyokodi projekta siku tatu kuamua ugomvi wa Raj Kapoor

Nianze na bei, maana kila niliyemsimulia habari hii kaniuliza hilo kwanza. Shilingi 60,000 kwa usiku mmoja, au 150,000 ukichukua siku tatu mfululizo. Unaletewa projekta, kitambaa cheupe cha kuoneshea na miguu yake, spika mbili, waya mrefu wa umeme, na kijana wa kuja kufunga na kufungua. Amana ni 50,000, unarejeshewa vitu vikirudi salama. Filamu unawatajia wewe, wao wanakuja nazo kwenye flash. Ni hawa hawa wanaorusha picha za maharusi kumbini. Jina silitaji kwa sababu nina malalamiko, na mji wetu mdogo.

Kwa nini nyumba ya Kikwajuni, hapa mjini Zanzibar, yenye televisheni ukutani ikodi projekta? Sababu ni Babu na Ami. Hawa wawili wanagombana juu ya Raj Kapoor, yule mwigizaji na mwongozaji wa filamu za Kihindi, tangu mimi sijaanza skuli: ipi filamu yake kubwa kuliko zote? Kwa Babu filamu ni Awaara ya 1951, kabla yake hakuna na baada yake hakuna. Kwa Ami ni Sangam ya 1964: rangi, Ulaya, nyimbo, machozi. Barazani kila mmoja ana watu wake, na mada ikianza dhumna inasimama na kahawa inapoa. Mwezi wa Shaaban walikaribia kununiana kweli. Ami alitia Jis Desh Mein Ganga Behti Hai katika hesabu yake, Babu akamkata palepale: ile kaiongoza Radhu Karmakar, mpiga picha wake, Raj kacheza na kutoa fedha tu. Ami akamrudishia, basi na wewe Boot Polish iache, ile ni ya Prakash Arora. Babu akashika bakora yake akaenda msikitini nusu saa kabla ya adhana.

Nikawaza, hawa watu wanabishania picha walizoziona ujanani, na tangu hapo wameziona vipandevipande kwenye kioo cha simu ya mjukuu. Sinema ya Majestic pale Vuga haioneshi kitu miaka mingi sasa. Sultana ya Malindi, ile iliyokuja kuitwa Cine Afrique, nayo imebaki masimulizi. Waoneshwe kubwa, mfululizo, kisha waseme. Na tukawekeana sharti: zinazohesabiwa ni zile alizoongoza mwenyewe tu.

Ijumaa kijana alifika saa kumi na moja jioni kama alivyoahidi, na hapo nampa sifa zake zote. Kafunga kitambaa uwani baina ya mwembe na ukuta wa jikoni, kazungusha waya juu watoto wasijikwae, kasubiri giza ndipo akapima picha. Tatizo lilikuwa taa ya mtaani, inamwaga mwanga moja kwa moja uwani kwetu. Projekta yenyewe haina nguvu sana, picha ya rangi nyeusi na nyeupe ikawa kama imepakwa unga. Kijana akaomba kanga mbili, akazitundika juu ya ukuta upande wa taa, mambo yakakaa sawa. Kama uwa wako una taa karibu, andaa kanga mapema.

Tulianza baada ya Isha. Watu kama thelathini, mikeka, mito, birika la chai ya tangawizi, na majirani ambao hatukuwaalika. Awaara ni filamu ya saa tatu hivi na hakuna aliyeondoka. Mimi niliyekuwa nikiidharau kimoyomoyo (nikidhani wazee wanapenda ujana wao, si filamu) nilinyamaza mapema. Jaji anamfukuza mkewe mjamzito kwa shaka, kwa sababu jambazi alimteka. Na jambazi huyo alimteka kwa kisasi, jaji alishamhukumu siku za nyuma kwa hoja kwamba mtoto wa mwizi huwa mwizi. Mtoto anakulia mtaani, anakuwa mwizi kweli. Halafu unaambiwa jaji yule ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj. Mtoto anayecheza Raj mdogo ni Shashi, mdogo wake. Na babu yao mzazi naye katokea kidogo, kakaa kiti cha jaji. Ukoo mzima umeingia mahakamani kuulizana damu inarithisha nini. Babu alikuwa akitwambia hayo miaka yote na sisi tukiitikia tu, ehe, ehe.

Kwenye ile ndoto ya mawingu na ngazi, karibu dakika tisa, watoto walikaa kimya na wazee wakaimba. Hawajui Kihindi hata wa kuomba maji, lakini Lata na Manna Dey, waimbaji wa ndoto ile, wanawafuata neno kwa neno. Mimi nilikuwa nikiwasomea watoto maandishi ya chini, ambayo yalikuwa ya Kiingereza, mpaka Babu akanambia, "Mwanangu, tuachie. Tunasikia."

Umeme ulikatika mara moja, dakika ishirini. Huduma haina jenereta wala betri, na hilo hawakusema wakati wa kupokea fedha. Ila hakuna aliyekasirika. Watu walitoa kashata, ikawa intavali. Bibi akaanza kusimulia maonyesho ya wanawake peke yao, walivyokuwa wakitoka na mabuibui yao kundi zima, na nguo mpya chini ambazo hakuna mwanamme angeziona ila walishonesha kwa ajili ya kuoneshana. Alisema nusu ya sinema ilikuwa kwenye viti. Nilitamani umeme uchelewe.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu kuchagua, nikachagua Shree 420 ya 1955, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo filamu iliyoniharibia msimamo. Nilikuwa mtu wa Bobby, filamu yake ya baadaye. Shree 420 nilijua wimbo wa viatu vya Kijapani na ule wa mwavuli wa mvuani, basi. Sikujua kisa. Kijana ana shahada na nishani aliyotunukiwa kwa uaminifu, anafika Bombay kwa miguu, na kitu cha kwanza anachoweka rehani ni nishani ile. Namba 420 ilikuwa kifungu cha udanganyifu katika sheria ya jinai ya India, mpaka sheria ile ilipobadilishwa 2024. Kuna mwalimu anaitwa Vidya, yaani elimu, na kuna mwanamke wa majumba ya starehe anaitwa Maya, yaani kiini macho; Raj Kapoor hakutaka upotee njia. Na kuna tajiri anayetangazia maskini nyumba kwa rupia 100 tu. Watu wanaolala kando ya barabara wanakusanya senti zao, wanapanga foleni.

Uwani kwetu palikuwa kimya cha namna nyingine. Mpo mnaojua. Kiwanja kimoja kuuzwa watu watatu, kila mmoja na karatasi yake na muhuri wake. Upatu wa simu ambao siku ya zamu yako mwenye kikundi kabadilisha laini. Jirani yetu mmoja aliyepoteza fedha zake za miaka sita kwa kiwanja cha namna hiyo aliangalia foleni ile ya rupia 100 mikono kifuani, akasema, "Huyu Mhindi alikuja lini huku?" Watu walicheka, yeye hakucheka.

Awaara inauliza mtoto wa mtu anakuwaje mhalifu, na jibu lake liko wazi tangu mwanzo, jaji ndiye mwenye makosa. Shree 420 inauliza jambo gumu zaidi: msomi, mwaminifu, anayejua kabisa kwamba anadanganya, anakuwaje 420 huku anapendeza machoni pa watu? Stelingi na adui wamevaa suti moja. Kwa hili mimi naiweka juu ya Awaara, na nilisema usiku ule ule. Babu hakunigombeza. Alisema, "Wewe umeiona na mji wa leo, mimi niliiona na mji wa jana." Ami akadai hapo Babu kalegea, lakini huyo tumzoee.

Jambo jengine la usiku ule: kwenye wimbo wa mwavuli wanapita watoto watatu kwenye mvua wamevaa makoti. Ni wanawe Raj mwenyewe, na mdogo wao pale ni Rishi, stelingi wa Bobby ya 1973. Kwenye simu sijapata kuwaona vizuri. Kwenye kitambaa cha mita tatu unaona mpaka anavyokanyaga maji.

Jumapili ndipo huduma ilipotuangusha. Zamu ya Ami, Sangam, karibu saa nne nzima, kavaa kanzu nyeupe kama anaoa. Kijana kabonyeza, na badala ya sauti za waigizaji ikaja sauti ya mtafsiri, wale wanaosimulia filamu kwa Kiswahili juu yake. Sina ugomvi na watafsiri, filamu za ngumi wanazinogesha. Lakini huyu alitafsiri mpaka nyimbo. Radha anaimba, yeye anapiga kelele, "Hapo dada anamwambia sikutaki mjomba!" Ami alivumilia mpaka kwenye mashua za Venice, akasimama, akaingia ndani. Kijana hakuwa na nakala nyingine. Tulizima.

Nami nilichokiona katika ile nusu ya kwanza kinanitosha kumwambia Ami alichokataa kusikia miaka yote: Gopal na Sundar, marafiki wawili wanaompenda mwanamke mmoja, wanapeana Radha kama wanaachiana kiti kwenye daladala, na hakuna anayemuuliza yeye. Bibi aliitikia kwa kichwa. Ami anasema nisihukumu kwa nakala mbovu. Ana haki.

Tukabaki tunazungumza. Mtu kaitaja Mera Naam Joker ya 1970, saa nne na zaidi, ile iliyomtia Raj kwenye madeni mpaka akaja kujikomboa kwa Bobby na vijana wawili, mwanawe Rishi na Dimple. Wapo waliosema ndiyo kubwa kuliko zote, lakini niliona ni wale ambao hawajaimaliza. Hapo Bibi, ambaye siku tatu nzima hakutaja filamu, akauliza kama tunakumbuka kwenye Bobby Dimple anavyofungua mlango na unga mkononi, akajipaka kwenye nywele bila kujua. Kisa chake kinajulikana: ndivyo Raj alivyomwona Nargis, yule mwigizaji mwenzake wa Awaara na Shree 420, siku ya kwanza, alipokwenda nyumbani kwao na binti akatoka jikoni. Miaka ishirini na kitu kapita, yule binti keshaolewa kwengine, yeye kamwekea mwanawe mlango ule ule. "Nyinyi mnatafuta filamu kubwa," akasema Bibi, "mimi natafuta ile aliyosema kweli."

Turudi kwenye huduma. Jumatatu nilirejesha vitu. Amana ilikatwa 15,000, na nilipofungua mdomo kulalamika nikaoneshwa doa la manjano chini ya kitambaa, ukubwa wa kiganja. Urojo. Ni wetu, sina la kusema. Kuhusu mtafsiri walikubali kosa bila mabishano na wakanipa usiku mmoja bure, hata amana hawakuitaka tena. Kwa hiyo nyota nne. Ya tano naizuia kwa ajili ya betri, na kwa kutoifungua filamu kabla ya kuja nayo.

Usiku wa bure ni Jumamosi ijayo. Ami anataka Sangam yake isiyo na mtafsiri, Babu anasema kura yangu ya Shree 420 haikuhesabiwa vizuri, na Bibi kanunua unga wa dengu kilo mbili. Kijana keshanitumia ujumbe mara mbili kuuliza aje na filamu gani. Sijamjibu.