Blenda ya ofa ya Krismasi: Kariakoo walinipata, Moshi nikaaibika

Nianze na kauli iliyonikera, maana ingekuwa ni blenda kuungua tu wala nisingepoteza bando langu kuandika. Nimesimama kaunta na boksi langu, nimepanga foleni nyuma ya watu kama sita, kijana wa dukani ananijibu macho yakiwa kwenye simu: "Mama, hiyo ulichukua bei ya ofa. Cha ofa hakina malalamiko." Kijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho. Hata shikamoo sikuisikia.

Blenda yenyewe niliinunua Desemba, siku chache kabla ya Krismasi. Mnaoijua Kariakoo ya msimu huo mnajua: ukishuka mwendokasi pale Msimbazi, kuufikia Mtaa wa Kongo ni karibu tu, lakini unakwenda kwa kusukumwa, mkoba umeukumbatia kifuani kama kichanga. Tiketi ya basi la Moshi ninayo, mama mkwe anatusubiri, na mimi sina zawadi. Winga akaniona usoni kwamba nina haraka. Kwa wageni wa mji: winga hana duka, anakuokota barabarani akupeleke kwenye duka la watu wake, na cha juu chake kimo humohumo kwenye bei unayotajiwa. Nilijua hayo yote, nikamfuata.

Dukani kuna karatasi ya njano: 110,000 imekatwa kwa wino mwekundu, chini yake 68,000. Nikaona nimeokoa elfu arobaini na mbili, na kichwani nimeshazinunulia mchele na mafuta. Sikujiuliza jambo la kitoto kabisa: hiyo laki na kumi, nani aliwahi kuilipa? Wala sikuvuka barabara kuulizia duka la pili. Mimi ambaye nyanya za elfu moja nazizungukia genge zima.

Nikasema nijaribishie. Akachukua iliyokuwa juu ya kaunta, akaitia maji, ikanguruma kama bodaboda ya mlimani. Nikaridhika. Kisha akanipa boksi jingine, limefungwa na gundi yake, nami nikalipokea kwa kicheko. Yaani nilijaribishiwa blenda ya mtu mwingine! Hadi leo nikikumbuka najisonya mwenyewe.

Halafu likaja swali: "Na risiti au bila risiti? Na risiti inafika themanini." Ofa iliyobandikwa ukutani inapanda bei ukitaja risiti, eti ni ile asilimia 18 ya kodi ya VAT. Hapa mnaruhusiwa kunitukana, kwa sababu nilichukua bila. TRA, watoza kodi wetu, wanatuimbia miaka yote, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na mnunuzi asiyedai naye ana kosa kisheria. Niliuza haki yangu kwa elfu kumi na mbili.

Jioni ya tarehe 24, jikoni Moshi. Mama mkwe yupo, mawifi wawili wapo, parachichi za shambani zimemenywa, maziwa yamemiminwa. Nimevaa kanga mpya, nabonyeza kitufe kwa maringo. Ikasaga kama dakika moja, ikaanza kunuka waya, kisha moshi. Ndiyo, moshi Moshi, mume wangu alishautania huo utani kabla yenu na hatukuongea mpaka asubuhi. Wifi mkubwa akauliza taratibu, "Ni ya Kariakoo hiyo?" Mama mkwe akasema, "Iache mwanangu, tutaponda kwa mwiko." Angenisema ningevumilia. Ule upole ndio ulioniua.

Basi Januari nikarudi dukani na boksi, nikakutana na hiyo kauli. Nyuma ya kijana kuna bango, mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia bango haliwezi kuishinda sheria, kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kitu unachoniuzia kama blenda lazima kisage. Akacheka. "Risiti iko wapi, mama?" Foleni nzima ikanigeukia. Nilisema maneno ambayo mama aliyenizaa asiyasome hapa.

Na katikati ya kufoka nikainua macho. Blenda ileile, boksi lilelile, haina neno ofa popote: 55,000. Njaanuari imeingia, hakuna anayenunua, bei imerudi kwake. Kumbe mimi kwenye punguzo niliongeza elfu kumi na tatu! Mwenye zawadi isiyo na haraka anunue wiki hiyo, si ile ya Krismasi.

Hapo nilikuwa nimeshaipanga kichwani hukumu: duka sifuri, mawinga wote wakimbieni. Nikampigia winga nimtukane. Akapokea simu. Nilishangaa, maana nilijua nimeshafungiwa. Ndani ya robo saa amefika, jasho linamtoka, hakuzungumza na kijana, akaenda moja kwa moja kwa mwenye duka kule nyuma: "Bosi, huyu dada ni mteja wangu." Nikabadilishiwa. Safari hii nikafungua boksi mwenyewe, ikajaribiwa ninayobeba, na barafu ndani, dakika tatu nzima huku nanusa kama paka.

Sasa nihukumu vipi? Winga nampa nyota nne. Lakini ngoja, elfu kumi na tatu zangu si ajabu kipande kikubwa ni chake, na alikuwa analinda njia yake ya kula. Nyota tatu. Ila bila yeye ningeondoka na chuma chakavu. Basi nne, yaishe. Blenda nayo, inaniuma kusema, ni nzuri: inasaga barafu, inasaga karanga, haijanuka tena. Ipo juu ya kabati, siipeleki Moshi mpaka Pasaka, na nitaisagisha hapa kwangu kila siku kwanza.

Duka sirudi. Labda kwa pasi, niliona pasi nzuri pale.

Nilipokuwa natoka yule kijana alisema, "Karibu tena mama," macho bado kwenye simu. Ya boksi yameisha. Shikamoo yangu bado namdai.