Wikendi ya kuvua trauti: Aberdare au maziwa ya Mlima Kenya?

Kama una siku mbili au tatu tu na unaanzia Nairobi, nenda hifadhi ya Aberdare, upande wa lango la Kiandongoro. Maziwa ya Mlima Kenya yana samaki wakubwa zaidi, hilo halina ubishi, lakini njia zake hula siku nzima kwenda na nyingine kurudi. Wikendi itaishia ndani ya gari.

Nairobi hadi Nyeri ni kilomita 150 hivi za lami. Taabu inaanza unapoacha mashamba ya chai na kuingia msituni: udongo mwekundu, mwinuko mkali, na mvua kidogo tu huugeuza sabuni. Gari liwe la kuendesha magurudumu yote manne, na matairi yawe na meno. Ada ya kuingia hifadhini hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kwa hiyo maliza malipo ukiwa bado mjini kwenye mtandao wa uhakika. Noti mkononi hazikusaidii langoni. Leseni ya kuvua ni jambo jingine, haimo ndani ya ada hiyo. Iulizie kabla ya kuondoka nyumbani.

Juu ya msitu, kwenye mita 3,000 hivi, kuna nyanda za nyasi ndefu na vijito vya maji baridi ya rangi ya chai. Mito inayotafutwa ni Chania, Magura na Gura. (Chania hii ni ya Nyeri, ile ya Thika ni mto mwingine kabisa wenye jina hilo hilo, na ramani za simu huwapoteza wengi.) Trauti hapa ni mgeni aliyelowea: mayai ya trauti kahawia yaliletwa kutoka Scotland na mlowezi Ewart Grogan mwaka 1905, yakaanzia Gura. Trauti wa upinde wa mvua alifuata baadaye. Usitarajie majitu. Wengi wa huku juu ni wa urefu wa kiganja na nusu, wana njaa na wana woga.

Woga huo ndio unaoamua vifaa. Fimbo ya futi 7 au 8, namba 3 au 4 (namba ni uzito wa mshipi unaoifaa), inatosha. Ya futi 9 itakwama kwenye vichaka kila ukiirusha. Uzi wa mwisho, unaofungwa nzi, uwe wa kuhimili ratili 3 au 4. Nzi bandia, yaani chambo cha manyoya kilichofungwa kwenye ndoano, ziwe ndogo, za namba 12 hadi 16, nyeusi au kahawia: Pheasant Tail, Hare's Ear, na Kenya Bug ambayo kwa maji haya ni vigumu kuikosoa. Minyoo iache nyumbani. Mito hii ni ya nzi bandia. Zinunue Kenya kabisa, maana nzi nyingi zinazouzwa Ulaya na Marekani hufungwa hapa hapa.

Trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka. Kwa hiyo panda na mto, umjie kwa nyuma, na ukifika kwenye kidimbwi piga magoti. Rusha kifupi, mita 4 au 5, nzi itue penye povu, kisha inua ncha ya fimbo ili mshipi usiguse mkondo wa katikati. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mkondo unaukamata mshipi, nzi inakimbia kuliko mapovu yaliyo kando yake, na samaki anaiacha ipite. Ukiona nzi inakwenda sambamba na povu, umepatia. Akikataa mara tatu, usimng'ang'anie. Kidimbwi kinachofuata kiko hatua ishirini mbele.

Jambo lisilo na mjadala ni askari wa hifadhi. Nyati hulala kwenye nyasi hizo hizo unazopita, tembo nao wapo, na mngurumo wa maporomoko unawaficha wewe na wao. Omba askari mwenye bunduki siku moja kabla, mkubaliane saa. Anayekuambia unaweza kwenda peke yako kwa sababu "leo hawapo" hakutakii mema.

Malazi ni nyumba za mawe za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ziitwazo Fishing Lodge. Unajipikia, kuna mahali pa kuwasha moto, na usiku baridi hukaribia sifuri. Beba chakula chote kutoka Nyeri, na kuni kavu za akiba, kwani za huko mara nyingi zina unyevu na hutoa moshi kuliko joto. Si pa anasa, lakini unaamka ukiwa mtoni, na kwa safari fupi hilo linashinda godoro zuri.

Mlima Kenya nao? Ziwa Ellis, kwa lango la Chogoria, liko karibu mita 3,500. Maziwa ya Rutundu na Alice yako upande wa kaskazini-mashariki, na Rutundu lilipata umaarufu Prince William alipomchumbia Kate Middleton huko mwaka 2010. Ziwa linataka fimbo ya futi 9, namba 6, na nzi kubwa kama Woolly Bugger ya kuvuta polepole. Upepo wa mchana huzima kila kitu, hivyo vua alfajiri. Ukitoka bondeni na kulala juu usiku huo huo, kichwa kitakugonga. Tenga siku nne, ama uahirishe.

Kwa majira, Januari, Februari na Septemba ndizo bora. Julai na Agosti panavulika, ila ukungu unaweza kukaa kutwa. Aprili na Mei mito hujaa tope, nzi haionekani, na hata gari zuri linaweza kulala njiani. Mwezi wowote ule, panga uvuvi asubuhi: mvua ya nyanda hizo hupenda kuanza baada ya saa nane mchana, na mto ukishabadilika rangi, fungasha.