Land Rover ya mzee wa Tudor, na kutu iliyoandikwa Uingereza

Mzee aliyekuwa akiuza gari alinikaribisha kwake Tudor, Mombasa, akanitilia kahawa, na kabla hajanionyesha gari akanionyesha ukuta. Kando ya saa alikuwa ametundika pleti ya njano yenye nambari ya Uingereza. "Ilikuja nayo hiyo," akasema. "Kila aingiaye humu huniuliza." Mimi sikuuliza. Nilitoa simu nikaipiga picha.

Gari lenyewe ni Land Rover Defender 110 ya 2004, injini ya Td5, yaani dizeli ya silinda tano, lita 2.5. Liliingia bandari ya Kilindini 2011, likiwa bado ndani ya ile miaka minane ambayo Kenya inaruhusu kwa gari la mtumba. Nililitaka kwa ajili ya shamba letu Kinango, ambako masika yakishika udongo hugeuka sabuni. Mzee alitaka shilingi 1,900,000. Dalali aliyenipeleka aliapa kwamba halina kutu hata ya kuwekea ukucha. Dalali kuapa ndiyo kazi yake, simlaumu.

Sasa, kwa nini nilipiga picha pleti? Uingereza gari la mtu binafsi likishatimiza miaka mitatu hupelekwa kukaguliwa kila mwaka, na ukaguzi huo huitwa MOT. Matokeo huwekwa kwenye tovuti ya serikali yao, na yeyote mwenye nambari ya gari anaweza kuyasoma tangu 2005. Hulipi, hujisajili, wala huulizwi wewe nani. Binamu yangu anayeishi Leicester ndiye aliyenidokezea. Nilidhani gari likishapakiwa melini rekodi zake hufungwa. Hili la mzee zilikuwapo zote.

Nilizisoma usiku huo. Kwanza nilihakikisha ni gari lile lile, maana Uingereza mtu anaweza kuhamisha nambari kutoka gari moja hadi lingine. Tarakimu 54 katikati ya pleti maana yake ni gari la kati ya Septemba 2004 na Februari 2005. Tovuti ikasema Oktoba 2004, Land Rover Defender, kijani, dizeli. Namba ya chasisi haionyeshwi, kwa hiyo kesho yake nilimwomba mzee lile faili la karatasi za bandarini. Pleti na chasisi vilikuwa kwenye ukurasa mmoja. Hapo nikatulia.

Kulikuwa na kaguzi nne. Ya 2007 safi kabisa. Ya 2008 lilipita, ila mkaguzi aliacha tahadhari kwamba raba za bushi za mbele kushoto zimeanza kuchoka. (Wao huandika "nearside" kwa upande wa kando ya barabara, ambao ni kushoto kama kwetu, na "offside" kwa upande wa dereva. Ilinichukua robo saa kuelewa.) Ya 2009 lilipita tena, lakini sasa kulikuwa na mstari mpya: kutu kwenye boriti ya nyuma ya chasisi, haijafikia kulifelisha.

2010 likafeli.

Kanuni yao ni kwamba kutu ikidhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panapobeba kitu muhimu, kama vile springi, mkanda wa usalama au bodi yenyewe, gari halipiti. Boriti ile ile ya 2009 ndiyo iliyoliangusha. Siku tatu baadaye likarudishwa, likapita, na chini ya cheti mkaguzi akaandika kwamba sehemu ya chini imepakwa dawa nzito ya kuzuia kutu. Sentensi hiyo niliirudia mara tatu. Kufeli hakukunitisha, gari lililofeli likachomelewa vizuri ni gari zima. Kilichonikera ni ile dawa, kwa sababu aliyeipaka aliziba macho ya kila atakayekuja baada yake, nikiwemo mimi.

Defender hudanganya watu hivi. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni alumini, haishiki kutu ya kahawia, kwa hiyo ukilizunguka linang'aa. Chasisi ni ya chuma. Wenzetu humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo huingia ndani ya boriti ikakaa. Halafu gari linaletwa wapi? Mombasa, upepo wa bahari asubuhi na jioni.

Nililipeleka kwa fundi wangu Changamwe, gereji yenye shimo. Alishuka na nyundo ndogo na bisibisi. Aligonga kutoka mbele: ti, ti, ti. Alipofika nyuma sauti ikawa tu, tu.

"Dada, nani alikwambia niangalie huku?"

"Mwingereza mmoja. Aliandika 2010."

Akacheka, akakwangua ile dawa, bisibisi ikazama. Kiraka cha 2010 chenyewe kilikuwa kizima. Kando yake ndiko kulikooza.

Jambo la mita, ile inayohesabu umbali gari lilikotembea, ndilo lililonitia aibu. Dashibodi ilisoma 81,000 na dalali akaita kilomita. Lakini mita ya gari la Uingereza huhesabu maili, namba kubwa za mwendo ni za maili na zile ndogo za ndani ndizo za kilomita. Ukaguzi wa mwisho ulikuwa umeandika maili 73,412. Kwa hiyo tangu 2010 gari lilikuwa limetembea maili 7,588, kama kilomita 12,200. Mzee mwenyewe aliniambia alikuwa akienda nalo Kilifi kila wiki. Kwenda na kurudi ni kilomita 120 hivi, na kwa mwendo huo kilomita 12,200 huisha kabla ya miaka miwili, ilhali gari lilikuwa limekaa Mombasa miaka mingi kuliko hiyo. Nilienda Tudor nimejiandaa kumkabili mwizi wa mita. Mzee akanisikiliza, akasema, "Mwanangu, hiyo mita ilikufa zamani. Kijana wangu aliitengeneza mwaka jana ili gari liuzike." Hakuficha, hakuna aliyemuuliza tu. Nilikunywa kahawa yangu kimya.

Je, huduma hii inafaa? Kwa asiyelipa hata senti, sijaona mfano wake. Ila mtu asiitegemee kwa yasiyo yake. MOT haigusi hali ya injini, klachi wala giaboksi, na mkaguzi hafungui kitu, huangalia kinachoonekana. Klachi ya Td5 inaweza kuwa inakaribia kufa ukapata cheti kisafi. Pia haijui chochote kilichotokea baada ya meli, na miaka ya Mombasa ndiyo mingi. Kwa upande wa huku nililipa shilingi 550 kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali yetu, nikapata rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Ilinithibitishia jina la mzee, namba ya chasisi, na kwamba hakuna benki inayodai gari. Kuhusu kutu haikuwa na neno, na sikulitarajia. Magari yetu ya nyumbani mengi hayaoni mkaguzi mwaka hata mwaka. Natamani tungekuwa na kitu kama chao, hata kama ni kwa matatu na malori tu kwa kuanzia, mtu asome kwa simu yake.

Fundi alinitajia 140,000 kukata boriti ya nyuma na kuunda mpya, pamoja na kuosha chasisi kwa ndani na kuipaka. Nilimpelekea mzee kaguzi zote nne nikiwa nimezichapisha. Alivaa miwani, akazisoma polepole kama barua ya mtu wa nyumbani. Dalali alianza kusema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, mzee akamnyamazisha kwa kiganja. Tukafunga 1,620,000.

Alinipa ufunguo wa akiba, jeki, faili zima la bandarini, na turubai ambalo sikuliomba. Pleti ya njano alikataa. Niliiomba mara mbili.

"Gari chukua," akasema, "hii imezoea ukuta wangu."