Fundi wa sare wa Majengo: mshono safi, tahajia shughuli

Nianze na suruali, maana ndiyo iliyonipeleka. Ina mifuko sita: miwili ya kawaida, miwili ya pajani yenye vifuniko, mmoja wa nyuma, na mmoja mdogo ndani ya kiuno ambao hata sikuuomba. Mama Fundi aliuweka kwa hiari yake. "Huo wa funguo na nauli," akasema, "usije ukavichanganya na mikasi ya hospitali." Huu ni mwezi wa tano naifua karibu kila siku na hakuna mshono ulioachia. Ovaloki imepita kila ukingo, na pale mapajani pamepigwa mshono mara mbili. Mtu anayechuchumaa zamu nzima kusoma mifuko ya mkojo inayoning'inia chini ya vitanda anajua kwamba sare mbaya hupasukia hapo, tena mbele ya ndugu wa mgonjwa.

Duka lenyewe ni chumba kimoja jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma. Cherehani tatu, na mashine moja ya kudarizi ya kompyuta inayofunikwa shuka kwa sababu ya vumbi. Wanaoujua upepo wetu wa kiangazi hawatauliza kwa nini. Bango hana. Jina lake silitaji kwa kuwa nina malalamiko hapa chini, na yeye hashindi kwenye intaneti aje ajibu.

Nilikwenda kwake Oktoba, wiki ya pili tangu nirudi kutoka Muhimbili nilikokuwa nasoma shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Kabla ya hapo nilikuwa nesi wa wodi miaka 11. Sare zangu za zamani zilikuwa zimechakaa kola hadi unaona kitambaa cha ndani. Tetroni ya bluu iliyokoza nilinunua mwenyewe mjini. Ushonaji ni Sh 28,000 kwa seti, nusu unatanguliza advansi. Kudarizi jina kifuani ni Sh 3,000 kwa mstari, na kwenye mstari huo ndiko tulikokaa karibu saa nzima.

Alinipima kimya kimya, akaandika kwenye daftari lake, akaniuliza jina. Nikamtajia. Bila kuinua macho akauliza, "Na chini yake nikuandike nani?"

Zamani ningejibu kabla hajamaliza swali. Sasa nilinyamaza mpaka kijana wake akaacha kukanyaga cherehani akanitazama.

Tatizo ni kwamba huko chuoni tulilisoma jambo hili kwa mihula mizima. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilitoa tafsiri ya muuguzi wa ngazi ya juu mwaka 2002: ni muuguzi aliyesajiliwa, ambaye amejipatia maarifa ya kibingwa, uwezo wa kuamua katika mambo magumu na ujuzi wa kufanya kazi kwa upana kuliko kawaida, na sura ya kazi hiyo itategemea nchi anakoifanyia. Mwaka 2020 wakaongeza mwongozo unaotenganisha wawili: yule aliyebobea katika kundi fulani la wagonjwa, na yule anayepima, anagundua ugonjwa na kuandika dawa mwenyewe. Haya yote ni mazuri kwenye karatasi ya mtihani. Jaribu kuyaingiza kwenye mfuko wa kifuani wa sentimita 11.

Maana Mama Fundi alikuwa na hesabu yake. Herufi za kusomeka kwa mtu aliyesimama miguuni mwa kitanda zinaingia 16 kwa mstari, ukihesabu na nafasi. Tukaanza kujaribu, yeye akiandika kwa chaki ya fundi juu ya kipande cha kitambaa. "Muuguzi bingwa" ikaingia vizuri. Lakini bingwa kwetu ni neno lililozoeleka kwa madaktari, bingwa wa mifupa, bingwa wa watoto. Ukijiandika hivyo watu watasoma neno la pili tu. "Muuguzi mbobezi" ikaingia kwa kubanwa. Mbobezi nalo nikalitazama pale kwenye chaki nikaona aibu, kama mtu aliyejipigia makofi mwenyewe. Nikamwambia aandike MUUGUZI, na mstari wa pili kwa herufi ndogo WAGONJWA MAHUTUTI.

Akaandika, akarudi nyuma hatua mbili, akasoma. "Hapana, mwanangu. Hivi watu watadhani mahututi ni wewe."

Kijana alicheka mpaka akashika meza.

Halafu yule mama akaniuliza swali ambalo walimu wangu hawakuwahi kuniuliza. "Wenyewe wagonjwa wanakuitaje?"

"Dokta," nikasema.

"Si umesema nesi?"

"Ndiyo, mama. Ila ni mwanaume."

Wauguzi wanaume wenzangu wanaelewa. Ukiingia wodini na ndevu, wewe ni dokta. Dada aliyekufundisha kazi, mwenye miaka 20 ya kushika wagonjwa, anaingia nyuma yako anaitwa sista, tena anaambiwa alete maji. Mimi jina hilo nililikubali muda mrefu kwa kunyamaza. Sikujiita, lakini sikukataa.

Nikajikuta namsimulia fundi jambo ambalo nimewasimulia watu wachache. Mwaka wa tatu wa kazi, wodi ya upasuaji ya wanaume, usiku. Mzee mmoja wa upande wa Mpwapwa analalamika tumbo. Nikampima joto na presha, nikamgusa tumbo, sikupenda nilichokigusa, nikampigia simu daktari wa zamu. Mwanawe akasema, "Asante, dokta." Nilikuwa nimechoka, na niseme kweli, neno lile lilikuwa tamu. Nikaenda upande wa pili wa wodi kwa mgonjwa mwingine. Daktari alipofika akauliza pale kitandani, wakamjibu, "Daktari ameshampima, katoka sasa hivi." Akadhani ni mwenzake, na wodi ya wazazi walikuwa wanamwita. Akakimbilia huko. Saa kumi alfajiri tumbo la mzee lilikuwa gumu kama ubao. Alipasuliwa, akapona, Mungu ni mwema. Siku ya kuondoka mwanawe akanishika mkono: "Asante sana, dokta." Hapo ndipo nilipomsahihisha, siku 12 baadaye.

Mama Fundi hakunipa pole wala nasaha. Alichukua chaki akasema, "Basi hiyo MUUGUZI tusiiandike ndogo." Akaipandisha herufi mpaka neno moja likajaza mstari mzima. Chini yake akapendekeza UANGALIZI MAALUMU, kwa herufi nyembamba, maana mdogo wake aliwahi kulazwa chumba cha uangalizi maalumu na bango la mlangoni analikumbuka. Ndivyo tulivyokubaliana. Sh 6,000, mistari miwili.

Nitoke nje ya duka kidogo. Nilipoapa siku ya mahafali ya diploma, mshumaa mkononi, nilidhani kile kiapo kaandika Florence Nightingale mwenyewe. Kumbe kiliandikwa Detroit mwaka 1893 na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, kikapewa tu jina la Florence kwa heshima. Na ndani yake muuguzi anaahidi kumsaidia daktari kwa uaminifu katika kazi yake, daktari huyo. Wauguzi wa kizazi changu tulilelewa ndani ya sentensi hiyo, kwa hiyo mtu akipanda ngazi anadhani kuna njia moja tu ya kwenda: kuwa daktari kidogo. Ila aliyefungua mlango huu wa uuguzi wa ngazi ya juu, Loretta Ford wa Marekani, alikuwa muuguzi wa afya ya jamii. Mwaka 1965 yeye na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha Chuo Kikuu cha Colorado mafunzo ya wauguzi wa kuwapima na kuwatunza watoto, na maisha yake yote Ford aliitetea kazi ile kuwa ni uuguzi. Amefariki Januari 2025 akiwa na miaka 104. Nilimsoma Dar nikiwa hosteli, nikamkumbuka Majengo nikiwa nimenyoosha mikono napimwa.

Sasa malalamiko.

La kwanza, muda. Aliniambia Alhamisi. Nilichukua Jumanne iliyofuata. Wanaokerwa na hili hawajawahi kushonesha nguo Tanzania, nasonga mbele.

La pili, mikono. Nilisema iishie juu ya kiwiko. Ikaja imeshuka chini ya kiwiko vidole vinne, kwa sababu, alivyosema, mtu mzima mwenye elimu hawezi kuvaa mkono wa kivulana. Hapa ilibidi nimweleze. Shirika la Afya Duniani limeweka nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi yoyote inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya kukaribiana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kwa wagonjwa wawili wenye mashine za kupumulia, zamu moja ni kunawa hadi ngozi inalia. Mkono mrefu unalowa, unagusa huyu, unakwenda kumgusa yule. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua mkasi akakata pale pale, bila kudai nyongeza. Hiyo naipa alama zote.

La tatu ndilo lililoniuma. Seti ya pili nilimwachia kijana aidarizi mwenyewe, nikaenda kuichukua jioni mbio mbio kabla ya zamu ya usiku, sikuikagua. Nikaingia wodini, nikapokea ripoti, nikaanza mzunguko. Saa tano usiku mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo akaniuliza kwa adabu zote, "Samahani kaka, muguzi ni cheo kipya?" Nikainama. M-U-G-U-Z-I. Miaka 11 ya kazi, miwili ya uzamili, na kifuani nimeandikwa kitu kisichokuwepo duniani.

Tarizi ukiifumua inaacha matundu, hasa kwenye tetroni. Mama Fundi alikata kiraka cha kitambaa kile kile, akakidarizi upya, akakishona juu kwa mkono. Ukisogea karibu ukingo wake unaonekana. Kijana alikatwa ujira? Sijui, sikuuliza, ila alinisalimia kwa "shikamoo" siku hiyo na tumepishana miaka sita tu.

Kuhusu nyuzi: mara ya kwanza walitumia nyekundu ya pamba. Damu iliniruka, nikailoweka sare kwenye maji ya klorini kama tunavyofanya, ikatoka na rangi ya chungwa bovu. Dai nyuzi za polista. Anazo, ila hatoi mpaka umwombe.

Je, ile herufi kubwa imesaidia? Wiki ya kwanza mama mmoja aliyekuja kumwona mumewe alisoma kifua changu kwa sauti, silabi kwa silabi, akauliza, "Kwa hiyo daktari ni yupi?" Nikamwonyesha. Wakaongea. Kisha akarudi kwangu na maswali yake mengine yote: kwa nini kichwa cha kitanda kimeinuliwa, kwa nini tunamsafisha kinywa mtu asiyekula, kwa nini tunamgeuza geuza mgonjwa aliyelala. Nikamjibu moja moja. Nyuzi 30 hadi 45 za kitanda, ili kilicho tumboni kisipande kikaingia mapafuni akapata nimonia juu ya ugonjwa alionao. Kinywa kwa sababu hiyo hiyo. Kumgeuza kila saa mbili, au mara nyingi zaidi kwa ngozi inayoanza kuwa nyekundu, ili asipate vidonda vya mgandamizo. Majibu hayo nilikuwa nayo nusu nusu kabla ya kusoma. Sasa ninayo yote, na kama kitanda kimelala chini kwenye zamu yangu, wa kuulizwa ni mimi, si daktari.

Wenzangu wananitania. "Miaka miwili Dar, na bado unageuza wagonjwa?" Nageuza. Tena namshika mkono mwanafunzi ageuze nami, huku nikimwuliza ameona nini mgongoni. Kuna aliyeniambia sare yangu ingependeza zaidi ikiandikwa bingwa, watu wakuogope kidogo. Nimeshafikiria. Sh 3,000 ninazo.

Ukienda kwake, nenda asubuhi kabla jua halijapiga bati, maana feni moja inamwelekea yeye. Beba maneno yako yameandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na uyasome tena kifuani kabla hujamalizia malipo. Mifuko usimfundishe, anajua kuliko wewe. Seti yangu ya tatu iko mezani kwake. Kasema Ijumaa, mimi nimeweka Jumanne.