Uzoefu wangu: msonge wa karatasi ndani ya jumba la matofali

Kijana mmoja wa hapa Moshi, ambaye tuliwahi kusimamia naye ujenzi wa nyumba kule Pasua, amepata nafasi ya kwenda kusoma Washington, na juzi aliniuliza kama yale makumbusho ya majengo niliyowahi kumsimulia yanastahili siku yake nzima au ni mahali pa kupitia tu. Nilimjibu kwamba yanastahili, kisha nikaona jibu hilo halitoshi, kwa kuwa anayeyafuata kwa ajili ya michezo inayojengwa humo ndani majira ya joto na anayeyafuata kwa ajili ya jumba lenyewe hawatatoka na kitu kimoja. Mimi nilikwenda kwa ajili ya michezo, nikashikwa na jumba.

Ilikuwa Julai 2017. Dada yangu anaishi Silver Spring, katika jimbo la Maryland, na kutoka kwake mstari mwekundu wa treni humfikisha mtu kituo cha Judiciary Square bila kubadilisha treni. Ukitoka tu kituoni, jumba la National Building Museum, ndiyo hayo makumbusho ya majengo, liko mbele yako. Niliongozana na dada pamoja na wapwa wangu wawili, wa miaka sita na tisa, ambao ndio hasa waliokuwa wameomba kupelekwa. Moshi nilikuwa nimeacha kipupwe cha kuvaa sweta mpaka saa nne asubuhi, na kule nilikuta joto la kunata ambalo hata mtu wa Tanga angelilalamikia.

Kwa miaka kadhaa makumbusho hayo yalikuwa na desturi ya kuwakabidhi wasanifu majengo Ukumbi Mkuu wakati wa majira ya joto, ili wajenge humo kitu ambacho watu wataingia, watagusa na kuchezea. Mwaka 2014 ofisi ya msanifu Bjarke Ingels ilijenga vichochoro vya mbao vya kupoteana, kuta zake zikiwa ndefu pembezoni na kushuka kadiri unavyokaribia katikati, hivyo kwamba aliyepotea njiani alipofika katikati aliziona njia zote alizopita. Mwaka uliofuata wabunifu wa Snarkitecture walitengeneza ufukwe ambao bahari yake ilikuwa mipira ya plastiki inayokaribia milioni moja, na mwaka 2016 ikawa milima ya barafu. Mwaka wetu ilikuwa zamu ya Studio Gang, ofisi ya msanifu Jeanne Gang wa Chicago, na kazi yao waliiita Hive, yaani mzinga wa nyuki.

Mzinga huo ulijengwa kwa mirija ya karatasi zaidi ya 2,700, ya aina ileile ambayo wenzetu huitumia kama boksi la kumiminia zege la nguzo za duara, kazi ambayo sisi huku mara nyingi huifanya kwa kukunja bati au kukata bomba la plastiki. Mirija ilitofautiana kuanzia sentimita chache hadi mita tatu, ikakatwa mapengo na kuumaniana, mpaka vikapatikana vyumba vitatu vya kuba vilivyoungana. Kikubwa kabisa kilipanda kufikia mita 18 hivi, na kileleni kiliachwa tundu la duara lenye upana unaozidi mita tatu. Nje mirija iling'aa kama fedha, na ndani ilikuwa ya waridi iliyokolea, hivyo ukisimama katikati na kutazama juu unaona maelfu ya midomo ya rangi ikikutazama.

Mpwa wangu mkubwa aliniuliza, "Mjomba, kwa nini haidondoki na ni karatasi?" Nilifungua kamba ya kiatu changu, nikashika ncha zote mbili na kuiacha ining'inie, nikamwambia aitazame umbo lake, kisha alifikirie limepinduliwa juu chini. Kamba inayoning'inia hubeba uzito wake wote kwa kuvutwa tu. Ukiligeuza umbo lile na kulijenga kwa vitu vigumu, uzito wote hupita kwa kugandamizwa tu, toka kileleni hadi msingini, wala hakuna mahali ukuta unapolazimika kupinda. Hilo ndilo umbo la vyumba vya Hive, na maelezo ya wabunifu yalitaja ndugu zake wengine: tao kubwa la Saint Louis, kuba la kanisa kuu la Florence alilolijenga msanifu Brunelleschi, na nyumba za udongo za Wamusgum wa Kameruni.

Niliposoma hilo la Kameruni nilisimama kidogo. Mtu aliyekulia mlimani Kilimanjaro hawezi kuingia katika kitu cha namna ile asiikumbuke nyumba ya msonge, ile ya nyasi zinazoshuka mpaka ardhini, ambayo leo wengi wetu tunaiona tu tukipeleka wageni kwenye makumbusho ya Wachagga kule Marangu. Kwa haki, vitu hivyo viwili havifanani kiufundi, kwa sababu msonge husimama kwa fito zilizopindwa na kufungwa pamoja, si kwa vipande vinavyoegemeana na kugandamizana. Lakini macho hayakusikiliza hoja hiyo, na nilitumia muda mwingi kuilinganisha na nyumba ambayo babu yangu alizaliwa ndani yake kuliko nilivyotumia kuisoma yenyewe.

Vyumba vidogo viliwekewa ala za mirija, nyingine za kupigwa kama ngoma na nyingine za kuning'inia na kulia zikigongwa, ili watu wasikie jinsi ukubwa na umbo la chumba linavyobadilisha sauti. Wazo ni zuri, ila ni somo linalohitaji utulivu, nami nilikuwa nimechagua Jumamosi, siku ambayo kila mzazi wa mji ule amewaleta wanawe kupiga ngoma. Kosa ni langu. Baada ya dakika arobaini nilikuwa nimemaliza, ilhali wapwa zangu hawakuwa na dalili ya kutosheka, basi mama yao akabaki nao nami nikaanza kuzunguka ukumbi.

Hapo ndipo siku yangu ilipoanza. Jumba lile lilijengwa kati ya 1882 na 1887 kwa ajili ya ofisi ya kulipa pensheni za askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na aliyelisanifu, Montgomery Meigs, alikuwa jenerali na mhandisi wa jeshi. Aliliwekea matofali 15,500,000. Ukumbi Mkuu una urefu wa mita 96 na upana wa mita 35, na katikati yake zimesimama nguzo nane zenye kimo cha mita 23 kila moja. Nilidhani ni za marumaru mpaka nilipoigonga moja kwa kifundo cha kidole na baadaye kusoma kwamba kila nguzo ni matofali 70,000 yaliyopigwa plasta na kupakwa rangi ya kuigiza marumaru. Nimewahi kubishana na wateja wanaotaka nguzo za sebuleni zipakwe rangi ya mawe. Sitabishana nao tena kwa ukali uleule.

Kilichonivutia zaidi ni namna Meigs alivyoshughulikia hewa. Chini ya madirisha aliacha matofali kadhaa yasijengwe, hewa ya nje ikapenya hapo na kupita ofisini, ikaingia ukumbini, na joto likapanda na kutokea kwenye madirisha ya juu kabisa ya paa. Ni kanuni ileile ya matofali yetu ya matundu, isipokuwa sisi tunayaweka juu ya lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha, na kusahau kumpa joto njia ya kutokea. Ngazi nazo zina vidato vifupi na vipana, kwa sababu waliokuwa wakizipanda kufuata pensheni wengi walikuwa vilema wa vita. Nilizipanda na kuzishuka mara mbili nikihesabu hatua, mlinzi akinitazama kwa mashaka.

Usisahau kuzunguka nje. Juu ya madirisha ya chini unapita ukanda wa sanamu za udongo wa kuchoma, kazi ya mchongaji Caspar Buberl, wenye urefu wa mita 366, unaoonyesha askari wa miguu, wapanda farasi, mabaharia na majeruhi wakiandamana kulizunguka jumba zima. Meigs aliagiza kwamba miongoni mwao awepo mwendesha mkokoteni mweusi, mtumwa aliyekombolewa na vita. Mtafute, mimi nilimtafuta.

Kwa kijana wangu, basi, ushauri ni huu. Hive hutaikuta, iliondolewa Septemba 2017, na kazi za majira ya joto hubadilika wala si za kila mwaka, kwa hiyo ulizia kabla kama kuna kilichojengwa mwaka huo. Nenda siku ya kazi, asubuhi. Anza na jumba ukiwa na nguvu, kisha ucheze.

Niliporudi nilimpelekea babu picha kule Marangu. Baada ya shikamoo na ndizi, aliishika simu mbali na macho, akaitazama Hive kwa muda mrefu.

"Huyu aliyejenga ameacha tundu juu. Mvua je?"

"Imejengwa ndani ya jumba, babu."

"Nyumba ndani ya nyumba." Akanirudishia simu. "Sasa ng'ombe wanalala ipi?"