Vakyumu ilizima, dukani wakasema mota imekufa: uzoefu wangu

Naanza na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo: mashine yenyewe ni nzuri, chujio lake ndilo jipu. Jina la kampuni nitaliacha, na la duka pia, maana mji wetu ni mdogo na sitaki maneno. Ni vakyumu ya tangi la plastiki, ile isiyotumia mfuko, wati 1,800, niliyoinunua mpya hapa Mwanza kwa shilingi 280,000.

Tunakaa Kirumba, upande unaopigwa na upepo wa ziwa. Kiangazi tunakula vumbi la barabara. Mwezi ukiwa gizani wanakuja wale wadudu wa ziwani, wanainuka juu ya maji kama moshi, na asubuhi unawakuta marundo chini ya taa ya barazani na kwenye nyavu za madirisha. Ufagio unawaponda tu na kuacha madoa ukutani. Vakyumu inawabeba wote. Kwa kazi hiyo, na kwa sofa za kitambaa na kapeti, sina ninachoilaumu, ila waya wake ni mfupi na kila chumba lazima uhamishe plagi. Kwenye taili, asikudanganye mtu, ufagio na dekio vinatosha.

Ugonjwa ulianzia kwenye sauti. Ule mngurumo wake mzito ukageuka mlio mwembamba wa juu, nguvu ya kuvuta ikapungua, halafu ikajizima katikati ya kapeti. Ukiiacha kama saa moja hivi, inawaka tena vizuri tu, na nyumba nzima inashangilia kwamba imejitengeneza. Haijajitengeneza. Ndani kuna kinga ya joto, swichi ndogo inayokata umeme mota ikichemka na kuurudisha ikishapoa. Mota za aina hii hupozwa na hewa ileile inayovutwa. Njia ikiziba, mota inakosa hewa ya kusukuma, inakuwa nyepesi na kuzunguka kasi zaidi, ndiyo maana inalia vile, na papo hapo inakosa cha kuipoza. Kwa hiyo ukiisikia inalia nyembamba, izime wewe mwenyewe, usisubiri kinga ikufanyie. Mashine nyingine hazina swichi inayojirudisha bali fyuzi ya joto, na hiyo ikikata mara moja imekata, mpaka ibadilishwe.

Kutafuta palipoziba hakuhitaji fundi. Chomoa plagi, toa mpira wa kuvutia, kisha chomeka tena, washa mashine peke yake na uweke kiganja kwenye tundu. Ikikishika kiganja kwa nguvu, tatizo liko kwenye mpira au kwenye fimbo. Dondosha sarafu upande mmoja uone kama inatokea upande wa pili. Isipovuta hata hapo, tatizo liko ndani, kwenye tangi au machujio. Yangu haikuvuta. Nikatoa chujio la nyuma ya tangi na kukuta mikunjo yake yote imejaa wadudu waliosagika wakachanganyika na vumbi, wamekauka na kugandamana. Hewa ingepita wapi?

Kitabu cha maelekezo kinasema chujio hili lioshwe kwa maji matupu na likaushwe saa 24. Hapo kuna jambo ambalo waliokiandika hawakuliwaza: wakati wa masika huku kwetu saa 24 hazitoshi, hasa ukilianika ndani. Ukilirudisha na unyevu, vumbi linageuka tope ndani ya mikunjo, mashine inanuka, na njia inaziba upya. Langu nalianika kivulini penye upepo mpaka nikiligusa katikati ya mikunjo liwe limekauka kabisa. Na uangalie maandishi kwanza, kuna machujio ya karatasi ambayo hayaoshwi hata kidogo.

Basi ikarudi kufanya kazi, ila kwa muda. Safari ya pili ilizima moja kwa moja, bila mlio, na kupoa hakukusaidia. Nilichomeka pasi kwenye soketi ileile, ikapata moto, kwa hiyo umeme ulikuwepo. Nikafungua plagi na kubadili fyuzi, kimya. Shemeji yangu akasema ni umeme mdogo wa jioni ndio ulioiua.

Nikaipeleka dukani, waranti ikiwa bado hai. Kijana wa mapokezi aliifungua, akatazama, akaniambia mota imeungua na waranti haihusiki kwa sababu "mashine imeingia vumbi". Nilimwomba arudie, nikidhani sijasikia vizuri. Akarudia, na hapohapo akanionyesha mashine mpya yenye punguzo.

Kutoka pale nikaenda Makoroboi kwa fundi mmoja mtu mzima anayetengeneza grinda na mashine za kutobolea. Huyu hakusema lolote kabla ya kushika mita. Alipima waya kuanzia kwenye plagi mpaka kwenye swichi, ukawa mzima. Akapima kinga ya joto, nzima. Akafungua mota, akacheka kidogo. "Mayu (yaani mama, kwa Kisukuma), mota haijafa. Imekula kaboni." Kaboni ni vile vipande viwili vya makaa magumu vinavyosukumwa na springi vikagusa shaba ya rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, na kuipelekea umeme. Kimoja kilikuwa kimeisha kabisa, kimebaki kigutu kisichofika kwenye shaba. Umeme ulikuwa unaishia hapo.

Nilimuuliza kuhusu umeme mdogo. Akasema friji ndiyo inayoteseka umeme ukishuka. Mota ya namna hii inalegea tu, inavuta kivivu. Kilichokula kaboni zangu alinionyesha kwa kidole: mpira unaozunguka chujio haukai sawasawa kwenye fremu yake, upande mmoja una mwanya. Vumbi lilikuwa linapita pembeni ya chujio badala ya kupita ndani yake, likaingia kwenye mota na kusaga kaboni taratibu. Yaani chujio lilelile lililoizima mara ya kwanza kwa kuziba, ndilo lililoizima mara ya pili kwa kuvuja. Hapo ndipo nilipoelewa lile vumbi la waranti, na hasira yangu kwa duka ikaongezeka.

Kaboni za mashine hii hazipo Mwanza. Fundi alichukua za grinda, zilizo kubwa kidogo, akazipunguza kwa msasa huku akizijaribu kwenye kikalio chake mpaka zikawa zinateleza bila kukwama. Akasafisha shaba ya rota, akaiwasha bila mpira wa kuvutia na kuiacha izunguke ili kaboni zikae. Mwanzoni zilitoa cheche, kisha zikatulia. Ule mwanya akauziba kwa kipande cha sponji alichokikata na kukigandisha kwenye fremu. Alinitoza shilingi 20,000 kwa kila kitu, na akaniambia nikiona cheche kali zinarudi kwenye matundu ya kutolea hewa, au nikisikia harufu ya kuungua, nisiendelee kuitumia, nimpelekee.

Inafanya kazi mpaka ninapoandika hapa. Chujio la akiba nimelipata Kariakoo kwa kuagiza, likaja na basi na nikalipokea stendi ya Nyegezi. Nauli ya mzigo iliuma kuliko nilivyotarajia. Sasa moja likiwa linakauka, jingine liko kazini. Siku za wadudu natanguliza kuwakusanya kwa kizoleo yale marundo makubwa, vakyumu inamalizia nyavu na pembe za ukuta, na tangi nalimwaga papo hapo.

Nyota tatu kati ya tano. Mashine ningeipa nne. Duka ndilo limekula moja. Kama nyumba yako ni taili tupu, hela yako itafanya kazi nyingine. Kama una kapeti na sofa, tafuta ile ya mfuko, ikiwezekana mfuko wa kitambaa unaofulika, kwa sababu mfuko unakamata uchafu mwingi kabla haujafika kwenye chujio. Na kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji akutolee chujio la akiba ulishike mkononi. Akianza kusema "linaagizwa", jumlisha na nauli ya basi kwenye bei.