Uzoefu wangu: kipandikizi cha jino kwenye fizi zilizougua

Nilipowekewa kipandikizi, miaka kadhaa iliyopita, niliambiwa kuwa sasa nimepata jino la maisha. Jino la awali lilikuwa limeondoka kwa ugonjwa wa fizi, likilegea taratibu hadi likawa linacheza kwa kuguswa na ulimi tu, na daktari alilijua hilo vizuri kwa sababu ndiye aliyeling'oa.

Upasuaji wenyewe siulaumu. Skrubu ya titani, ndiyo kipandikizi chenyewe, ilishikana na mfupa, nami nikarudia kutafuna upande ule kwa raha niliyokuwa nimeisahau. Kinachonichoma hadi leo ni kwamba, mara zote nilizorudi kuangaliwa, hakuna aliyepitisha kile kijiti chembamba chenye alama za milimita kuzunguka kipandikizi, apime fizi imeachia kiasi gani. Waligonga taji, yaani jino bandia lililofungwa juu yake, wakasema ni zima.

Asubuhi moja nilibonyeza fizi, ukatoka usaha, bila maumivu yoyote. Nilikwenda mbio. Daktari, macho yakiwa kwenye karatasi zake, akasema: "Wewe hupigi mswaki." Kinywa changu hata hakukifungua!

Daktari wa pili alipima: milimita 7, na damu juu yake, na eksirei ikaonyesha mfupa ulioliwa. Alinieleza kwamba kipandikizi hakitoboki kama jino, ila hakina zile nyuzi zinazoufunga mzizi na mfupa, hivyo uvimbe ukianza huweza kushuka upesi. Na kwamba aliyewahi kuugua fizi yumo hatarini zaidi, ndiyo maana fizi hutibiwa kwanza, kisha mgonjwa akafuatiliwa daima. Meno yangu jirani nayo yalikuwa na mifuko ya usaha. Inawezekana kabisa, basi, kwamba nilipandikiziwa katika kinywa ambacho bado kilikuwa kinaumwa.

Nilikusudia kuandika kwamba mwenye fizi kama zangu asithubutu. Haki hainiruhusu: wapo wengi wenye historia kama yangu ambao vipandikizi vyao vimedumu miaka mingi kwa kutunzwa, na changu, baada ya kusafishwa kwa kina, bado kimesimama. Lakini kila nikiikumbuka sentensi ile ya mswaki, hata sifa nilizoutolea upasuaji natamani kuzifuta, maana mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe, na kupima kungechukua dakika moja. Sasa napimwa kila baada ya miezi mitatu. Mara ya mwisho damu haikutoka.